Fenomenolojia, nadharia jengwa, ethnografia, uchunguzi kifani au maelezo ya kitaamuli: kuchagua njia ya utafiti wa uuguzi

Mwanafunzi wa uuguzi anapofika kwenye sura ya mbinu za utafiti, mara nyingi swali lake limekwisha kuandikwa, idadi ya washiriki imekwisha kukadiriwa, na mwongozo wa mahojiano uko tayari. Kilichobaki ni kutafuta jina la kuupa utafiti huo. Kwa kuwa kichwa cha utafiti kina neno "uzoefu", jina linalochaguliwa huwa fenomenolojia. Nimesoma maandiko mengi ya namna hii, na karibu kila mara kasoro haikuwa uvivu wa mwanafunzi bali mpangilio wa kazi: njia ya utafiti imechaguliwa mwisho, ilhali ndiyo iliyopaswa kuamua nani ahojiwe, aulizwe nini, mara ngapi, na majibu yake yasomwe kwa jicho gani. Hapa nitalinganisha njia tano za utafiti wa kitaamuli, yaani utafiti unaotafuta maana kwa maneno na matendo ya watu badala ya kuhesabu, na nitazipitisha zote kwenye jambo moja la wodini ili tofauti zake zionekane zikiwa kazini.

Kabla ya kulinganisha, kuna vitu vitatu vya kutenganisha. Kuna njia ya utafiti, ambayo husema ni maarifa ya aina gani yanatafutwa. Kuna zana za kukusanya data, kama vile mahojiano ya ana kwa ana, majadiliano ya vikundi, ushuhudiaji na usomaji wa kumbukumbu za wagonjwa. Kisha kuna zana za kuchambua data hizo. Mahojiano hutumika karibu katika kila njia, kwa hiyo anayeandika kwamba mbinu yake ni mahojiano bado hajasema anatafuta nini. Hali kadhalika, uchambuzi wa mada kwa hatua sita, uliopendekezwa na Virginia Braun na Victoria Clarke mwaka 2006, ni zana ya uchambuzi inayoweza kukaa ndani ya mikabala tofauti. Kuutaja peke yake hakumwambii msomaji kwa nini mtafiti aliwaendea watu hao wala alitaka nini kwao.

Tuchukue wodi ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na tuseme mtafiti anataka kuelewa maumivu ya usiku. Katika mahojiano ya mfano, ambayo nimeyabuni kwa ajili ya ulinganisho huu, mgonjwa anasema: "Saa nane usiku nesi alipita na tochi. Nilikuwa macho, maumivu yamenishika, lakini nikafumba macho. Nilimwona yuko peke yake." Sentensi hizo tatu zinatosha kuonyesha njia hizi tano zinapoachana.

Fenomenolojia: jambo lenyewe mtu anavyoliishi

Fenomenolojia ilianza kama falsafa kabla ya kuwa njia ya utafiti. Edmund Husserl, aliyefariki mwaka 1938, alitaka kurudi kwenye mambo yenyewe kama yanavyojitokeza katika fahamu ya mtu, kabla hayajafunikwa na maelezo ya kinadharia. Martin Heidegger, aliyekuwa msaidizi wake, alichukua mwelekeo mwingine katika kazi yake kuu ya mwaka 1927: kwa maoni yake binadamu tayari yumo ndani ya ulimwengu na daima anaufasiri, kwa hiyo hakuna mahali pa kusimama nje ya tafsiri. Mgawanyiko huo wa kifalsafa una matokeo ya kila siku kwa mtafiti wa uuguzi. Anayefuata mkondo wa Husserl hufanya fenomenolojia ya maelezo, na anatakiwa kuweka kando dhana zake kadiri awezavyo. Anayefuata mkondo wa Heidegger hufanya fenomenolojia ya tafsiri, na badala ya kuzificha dhana zake huzitamka na kuonyesha jinsi zilivyoshiriki katika usomaji wake. Haifai kutaja Husserl katika sura ya mbinu kisha, katika sura ya matokeo, kufasiri kwa uhuru bila kueleza zile dhana ziliwekwa kando vipi. Bahati mbaya jambo hilo hutokea mara nyingi sana.

Swali la fenomenolojia juu ya wodi yetu lingekuwa: ni hali gani kwa mgonjwa kuishi na maumivu usiku baada ya upasuaji? Mtafiti huyu akisikia maneno "maumivu yamenishika" husimama hapo. Maumivu yanatamkwa kama kitu chenye mikono, kinachomkamata mtu, na mtu huyo aliyekamatwa bado anabaki na uwezo mmoja, wa kufumba macho. Kuna giza, kuna mwanga wa tochi unaopita, kuna mwili usiojimudu, na kuna mwingine anayeonekana kuwa mpweke zaidi ya mgonjwa mwenyewe. Mtafiti atauliza maswali machache na mapana, kama vile "Hebu nisimulie usiku ule tangu taa zilipozimwa," kisha atanyamaza na kungoja. Hatauliza kama mgonjwa aliridhika na huduma, maana swali hilo huzaa tathmini, na tathmini si uzoefu ambao mtu ameuishi.

Kwa sababu hiyo fenomenolojia inahitaji washiriki wachache na muda mrefu kwa kila mmoja. Inahitaji pia watu walioliishi jambo lenyewe na wanaoweza kulisimulia. Muuguzi anayeitumia kuchunguza maumivu ya wagonjwa wake ana kazi ya ziada, kwa kuwa anajua dozi, anajua saa za dawa, na mdomo unamwasha kumweleza mgonjwa kwamba angeweza kuomba. Namshauri aandike, kabla ya mahojiano ya kwanza, kurasa mbili tatu za yale anayoamini kuhusu maumivu na wagonjwa wanaolalamika, kisha arudi kwenye kurasa hizo baada ya kila mahojiano.

Ndani ya mkondo wa maelezo kwenyewe wataalamu hawakubaliani kuhusu utaratibu. Colaizzi, katika hatua zake saba za mwaka 1978, humtaka mtafiti awarudie washiriki na maelezo aliyoyapata ili wayathibitishe. Giorgi alipinga hatua hiyo, kwa hoja kwamba mshiriki huongea kutoka ndani ya maisha ya kawaida wakati uchambuzi hufanyika katika mtazamo mwingine. Mwanafunzi anayetaja wote wawili katika aya moja kana kwamba wanasema kitu kimoja anamwonyesha mtahini kwamba hakuwasoma.

Nadharia jengwa: mchakato na masharti yake

Nadharia jengwa ni njia ambayo mtafiti haji na nadharia mkononi, bali huijenga hatua kwa hatua kutoka kwenye data. Ina undugu wa karibu na uuguzi kuliko wengi wanavyofahamu. Barney Glaser na Anselm Strauss waliieleza katika kitabu chao cha mwaka 1967 baada ya kuchunguza jinsi wahudumu, wagonjwa na ndugu walivyoshughulika na kifo hospitalini, katika eneo la San Francisco; Strauss alikuwa akifundisha katika shule ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na muuguzi Jeanne Quint, aliyejulikana baadaye kwa jina la Benoliel, alikuwa mmoja wa watafiti wa mradi huo. Kwa hiyo njia hii ilizaliwa kando ya vitanda vya wagonjwa mahututi, kutokana na swali la nani anajua kwamba mgonjwa anakufa, nani anajifanya hajui, na hali hiyo hubadilikaje siku zikipita.

Swali lake hasa ni la mchakato. Kwenye wodi yetu lingekuwa: wagonjwa hufikiaje uamuzi wa kusema au kuficha maumivu yao usiku, na nini hubadilisha uamuzi huo? Mtafiti anaichukua ile nukuu na kuiwekea misimbo, yaani majina mafupi ya kilichomo katika kila kipande cha data, inayotaja vitendo: "kuipima kazi ya muuguzi", "kufumba macho", "kuahirisha maumivu". Baada ya hapo, na hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, msimbo humtuma kwa mshiriki anayefuata. Ikiwa mgonjwa huyu alificha kwa sababu nesi alikuwa peke yake, basi mtafiti anahitaji mgonjwa wa usiku ambao wauguzi walikuwa watatu. Anahitaji aliyebonyeza kengele bila kusita. Anahitaji aliyefanyiwa upasuaji mara mbili, ambaye usiku wa pili hakufanya alichofanya usiku wa kwanza. Data hukusanywa na kuchambuliwa kwa zamu, kila tukio likilinganishwa na matukio mengine, huku mtafiti akiandika madokezo ya mawazo yake tangu siku ya kwanza. Mwishoni panatakiwa kuwa na wazo kuu moja linaloyashika mengine, pamoja na maelezo ya masharti: mgonjwa huficha lini, hufichua lini, na kwa gharama gani.

Utafiti uliokusanya mahojiano ishirini yote kwanza, kisha ukayachambua kwa mkupuo na kutoa orodha ya mada tano, si nadharia jengwa hata kama jina hilo limeandikwa kwenye jalada. Nasema hivyo bila kumbeza aliyeufanya. Mada hizo zinaweza kuwa na thamani kubwa, ila jina linaahidi kitu ambacho hakimo.

Kuna jambo la kiutendaji ambalo humkwamisha mtafiti mchanga. Kamati ya maadili ya utafiti hutaka kujua mapema atakayehojiwa na atakayoulizwa, ilhali njia hii hubadilisha vyote viwili katikati ya safari. Suluhisho ni kulisema hilo wazi katika andiko la utafiti: kutaja makundi yote yanayoweza kufikiwa, wakiwemo wauguzi na ndugu wa wagonjwa, na kueleza kwamba mwongozo wa maswali utarekebishwa kufuatana na uchambuzi. Vilevile inampasa mtafiti achague tawi. Glaser na Strauss walikuja kutofautiana, hasa baada ya kitabu ambacho Strauss alikiandika na muuguzi Juliet Corbin mwaka 1990, chenye taratibu nyingi za kusimba ambazo Glaser aliziona zinailazimisha data. Kathy Charmaz naye, katika kitabu chake cha mwaka 2006, alisisitiza kwamba nadharia haigunduliwi kama kitu kilichofukiwa ardhini, bali hujengwa na mtafiti pamoja na washiriki wake. Kwa muuguzi anayefanya utafiti katika mazingira anayoyajua, naona mwelekeo wa Charmaz unamfaa zaidi, kwa kuwa haumlazimishi kujifanya mgeni.

Mwenye kusita kati ya njia hizi mbili na ajiulize anataka kuandika sentensi ya aina gani kwenye ukurasa wa matokeo. Ikiwa ni sentensi inayosema kuteseka usiku kukoje, kwa undani unaomfanya msomaji alijue jambo ambalo hajawahi kuliishi, hiyo ni fenomenolojia. Ikiwa ni sentensi inayosema wagonjwa huanza hivi, hali fulani ikitokea hugeukia vile, na hali nyingine ikikosekana hubaki pale pale, hiyo ni nadharia jengwa. Fenomenolojia haidai kueleza sababu. Nadharia jengwa nayo haikai muda mrefu ndani ya usiku mmoja wa mtu mmoja.

Ethnografia: yanayofanywa bila kusemwa

Mtafiti wa ethnografia hatatosheka na nukuu ile. Atataka kuwapo wodini saa nane usiku. Huenda akaona kwamba muuguzi alisimama mlangoni, akamulika vitanda vinne kwa mara moja, akarudi mezani na kuandika kwenye jalada la mgonjwa neno moja: "amelala". Kati ya macho yaliyofumbwa kwa makusudi na neno hilo lililoandikwa kwa nia njema kuna pengo ambalo mahojiano ya mgonjwa peke yake hayalioni, na mahojiano ya muuguzi peke yake hayalioni pia. Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, neno "amelala" litasomwa kwa sauti, na dozi inayofuata itaamuliwa likiwa masikioni mwa watu. Ethnografia huuliza: wodi hii, kama jumuiya yenye desturi zake, huyatambua vipi maumivu, huyaandika vipi, na ni maumivu ya nani yanayoaminiwa?

Katika uuguzi njia hii ilipewa nafasi kubwa na Madeleine Leininger, muuguzi aliyesomea anthropolojia na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliishi miongoni mwa Wagadsup wa nyanda za juu za Papua New Guinea, akichunguza namna watu wanavyotunzana. Kutokana na kazi yake ulikua uuguzi unaozingatia tamaduni, pamoja na aina ya ethnografia aliyoiunda mahususi kwa maswali ya uuguzi. Leo si lazima mtu aishi mwaka mzima mahali pamoja. Ipo ethnografia lengwa, ambayo huchukua swali jembamba, mahali padogo na vipindi vilivyochaguliwa vya ushuhudiaji, kwa mfano saa za kukabidhiana zamu tu, na humfaa mwanafunzi mwenye muda mfupi.

Gharama yake kubwa ni ya kimaadili. Nani anatoa ridhaa wodini? Muuguzi wa zamu anaweza kukubali mbele ya mkuu wa wodi kwa sababu tu anaogopa kukataa. Mgonjwa aliyeletwa usiku akiwa bado na usingizi wa dawa ya ganzi hawezi kukubali wala kukataa. Na mtafiti ambaye mwenyewe ni muuguzi atafanya nini akiona dozi isiyo sahihi ikiandaliwa? Jibu la swali hilo la mwisho halingoji usiku wenyewe. Linapaswa kuwa katika andiko la utafiti, likitamka wazi kwamba usalama wa mgonjwa unatangulia data, na wahudumu wote wawe wameambiwa hivyo kabla ushuhudiaji haujaanza.

Uchunguzi kifani

Hii nitaipitia kwa ufupi, kwa sababu mipaka yake ni rahisi kuitambua. Uchunguzi kifani huchukua kitu kimoja chenye mipaka, kama wodi, programu au mabadiliko fulani ya utaratibu, na kukitazama kwa vyanzo vingi kwa pamoja. Swali lake linaweza kuwa: kwa nini utaratibu mpya wa kupima maumivu kila baada ya saa nne umeshika katika wodi moja na kufifia katika wodi jirani? Nukuu ya mgonjwa wetu ingewekwa kando ya ratiba ya zamu, fomu za kupimia maumivu, waraka wa utaratibu wenyewe na mahojiano ya wakuu wa wodi. Robert Yin, aliyeandika juu ya njia hii tangu mwaka 1984, anapendelea mpango ulionyooka wenye mapendekezo ya awali ya kuchunguzwa. Robert Stake, mwaka 1995, aliacha nafasi kubwa zaidi kwa kifani kuvutia kwa upekee wake. Ikiwa mtafiti hawezi kusema kifani chake kinaanzia na kuishia wapi, asiichague njia hii.

Maelezo ya kitaamuli: njia inayoonewa haya bila sababu

Nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa kwa maoni yangu ndiyo inayofaa tafiti nyingi zinazojiita fenomenolojia. Mwaka 2000 Margarete Sandelowski, muuguzi na mtafiti, alichapisha makala yaliyoitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba watafiti walikuwa wakiona aibu kukiri kwamba walifanya maelezo ya kawaida, kwa hiyo walijipamba kwa majina ya fenomenolojia, nadharia jengwa au ethnografia huku kazi yao ikiwa na rangi tu ya njia hizo. Maelezo ya kitaamuli hukaa karibu na maneno ya washiriki na hujibu maswali ya nani, nini, wapi na kwa nini kama wahusika wenyewe wanavyoyaeleza. Bado yana tafsiri ndani yake, kwa sababu hata kuchagua nini kiandikwe ni kufasiri, lakini hayadai kufika kwenye kiini cha jambo wala kujenga nadharia.

Swali lake kwenye wodi yetu lingekuwa: wagonjwa wanataja sababu zipi za kutomwita muuguzi wakiwa na maumivu usiku? Nukuu ile ingewekwa pamoja na nyingine zinazofanana nayo chini ya mada ya kumhurumia muuguzi aliyezidiwa na kazi, kando ya mada ya hofu ya dawa, na mada ya kuamini kwamba maumivu ni ya kuvumiliwa. Uchambuzi wa maudhui au wa mada ungetosha. Mkuu wa wodi akisoma matokeo hayo jioni anaweza, kesho yake, kubadilisha namna wauguzi wanavyopita usiku: badala ya kumulika mlangoni, kusogea kitandani na kuuliza kwa sauti ya chini. Utafiti wa uuguzi hufanywa kwa ajili ya kitanda kile, na njia inayofika kitandani kwa uaminifu haistahili kuonewa haya.

Udhaifu wake ni kwamba mtafiti asipojituma ataishia kurudia mwongozo wake wa maswali. Akiuliza kuhusu vikwazo, suluhisho na mapendekezo, kisha akatoa mada tatu zinazoitwa vikwazo, suluhisho na mapendekezo, hajachambua chochote. Anayetaka kwenda hatua moja mbele bila kuingia kwenye falsafa nzito anaweza kutazama maelezo fasiri ya Sally Thorne na wenzake, yaliyoanza kuelezwa mwaka 1997 kwa ajili ya uuguzi hasa, ambayo humruhusu mtafiti kutumia ujuzi wake wa kitabibu kuuliza kwa nini jambo liko hivyo, na lina maana gani kwa huduma.

Zipo njia nyingine ambazo sikuzilinganisha, na mbili zinastahili kutajwa. Utafiti wa simulizi hufaa pale mpangilio wa maisha ya mtu mmoja mmoja ndio jambo lenyewe, kwa mfano safari ya mgonjwa wa figo katika miaka kadhaa ya kusafishwa damu. Utafiti shirikishi wa vitendo, wenye mizizi katika kazi ya Kurt Lewin ya miaka ya 1940, hufaa pale wauguzi au wagonjwa wenyewe wanataka kubadilisha jambo na wako tayari kuwa watafiti wenza.

Washiriki wangapi, na muda gani

Swali la idadi huulizwa kabla ya mengine yote, ingawa halina jibu hadi njia ijulikane. Utafiti unaonukuliwa sana ni wa Greg Guest na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ambao ulitumia mahojiano 60 ya wanawake nchini Ghana na Nigeria. Waligundua kwamba karibu misimbo yote ilikuwa imeonekana ndani ya mahojiano 12 ya kwanza, na mambo ya msingi kabisa yalionekana ndani ya 6. Namba 12 imekuwa kama sheria tangu wakati huo, na hilo ni kosa, kwa kuwa washiriki wao walikuwa kundi la watu wanaofanana, waliulizwa maswali yaliyopangwa, na kilichopimwa ni kujitokeza kwa misimbo. Mwaka 2017 Monique Hennink na wenzake walionyesha kwamba misimbo inaweza kushiba, yaani kufika mahali ambapo haijitokezi mipya, kwenye mahojiano 9, ilhali kuielewa maana yake kulihitaji kati ya 16 na 24. Kwa nadharia jengwa kushiba maana yake ni kwamba makundi ya nadharia hayapati sifa mpya, si kwamba watu wameanza kurudia maneno. Katika fenomenolojia dhana hiyo ya kushiba haikai vizuri hata kidogo, kwa sababu uzoefu wa mtu wa saba haumaliziki kwa kuwa tu unafanana na wa sita.

Kuhusu muda, mwanafunzi na akadirie kwamba saa moja ya sauti iliyorekodiwa itamchukua saa nne au zaidi kuiandika neno kwa neno. Iwapo tasnifu yake inaandikwa kwa lugha tofauti na ile ya mahojiano, kuna tafsiri pia, na hapa njia hazilingani. Maelezo ya kitaamuli huvumilia tafsiri nzuri. Fenomenolojia huumia zaidi, kwani neno "yamenishika" likigeuzwa kuwa neno la kawaida la kuhisi maumivu, ile mikono imepotea na uchambuzi pamoja nayo. Namshauri mwanafunzi wa fenomenolojia achambue katika lugha aliyosemewa, kisha atafsiri matokeo tu.

Mambo kadhaa hayategemei njia. Vigezo vinne vya uaminikaji vya Yvonna Lincoln na Egon Guba, vya mwaka 1985, bado vinatumika: matokeo yaaminike, yaweze kuhamishiwa mahali pengine na msomaji mwenyewe, yategemeke, na yathibitike. Orodha ya COREQ ya mwaka 2007, ya kukagua uandishi wa ripoti za utafiti wa kitaamuli, yenye vipengele 32, humsaidia anayeandika juu ya mahojiano na majadiliano ya vikundi kukumbuka mambo anayoweza kuyasahau, kama vile uhusiano wake na washiriki. Ila isomwe mapema, wakati wa kupanga, kwa kuwa kipengele kilichosahauliwa wodini hakiwezi kurudishwa wakati wa kuandika.

Maamuzi matatu ya mfano

Mwanafunzi wa kwanza anataka kujua jinsi wauguzi wapya wanavyopata ujasiri wa kumpigia daktari simu usiku mgonjwa anapobadilika ghafla. Neno "wanavyopata" ni la mchakato, wapo waliopata ujasiri mapema na waliochelewa, na ana mwaka mmoja wa kurudi wodini mara kwa mara. Ningemshauri nadharia jengwa, mradi msimamizi wake anaijua kazi ya kuchambua huku data zikiendelea kukusanywa. Asipoijua, mwanafunzi atafute wa pili anayeijua kabla hajaanza.

Wa pili anaandika juu ya uzoefu wa akina mama ambao watoto wao njiti wamelazwa katika wodi ya watoto wachanga. Neno "uzoefu" lipo, lakini nikisoma mwongozo wake nakuta maswali kuhusu muda wa kumwona mtoto, maelezo waliyopewa na wauguzi, na mahali pa kukamulia maziwa. Hayo ni maelezo ya kitaamuli, tena mazuri, na kikosi cha wodi kitayatumia. Akisisitiza fenomenolojia, maswali yote hayo inabidi yaondolewe, abaki na moja au mawili, awahoji akina mama sita au wanane badala ya ishirini, na awarudie angalau mara moja. Afanye uchaguzi huo leo, kabla hajapata kibali cha kamati, kwa sababu baada ya hapo kila badiliko lina karatasi zake.

Wa tatu anauliza wauguzi wanapimaje maumivu usiku, ana miezi mitatu, na amepanga mahojiano peke yake. Tatizo lake ni kwamba swali linahusu utendaji, lakini zana zake zitampa kauli. Akiweza kupata ridhaa na usiku kumi wa kukaa karibu na meza ya wauguzi, akiangalia pia kinachoandikwa kwenye majalada, afanye ethnografia lengwa. Akishindwa, abaki na mahojiano na aite utafiti wake maelezo ya kitaamuli, lakini abadilishe kichwa kiseme "maelezo ya wauguzi kuhusu upimaji wa maumivu usiku", na neno "utendaji" aliondoe kwenye kichwa, kwenye malengo na kwenye muhtasari.